Dakika ya Sita

Filamu ilikuwa ya dakika tisa na sekunde kumi na mbili. Noreen Tattersall aliitazama jikoni kwenye kompyuta, sauti akiwa ameipunguza, mlango wa kuelekea ngazini ameufunga, kwa sababu mumewe Clifford alikuwa amelala ghorofani na hakujua kwamba bahasha ya hospitali imefika.

Mwanamke wa kwenye filamu alikuwa yeye mwenyewe: miaka sitini na minane, sweta ya bluu, ameketi wima sebuleni kwake kama mtu anayesubiri kuitwa mbele ya hakimu. Mwezi mmoja nyuma, mtafiti wa hospitali aitwaye Philippa alikuja na kamera ndogo akaeleza utaratibu wao. Wanawahoji wagonjwa wa saratani pamoja na watu wanaowauguza nyumbani. Mahojiano wanayakata, wanabakiza dakika chache. Kisha wauguzi, madaktari na wagonjwa wanakaa chumba kimoja, wanatazama filamu pamoja, na kutokana na waliyoyaona wanakubaliana nini kibadilishwe katika huduma. Hakuna anayeonyeshwa kitu kabla mwenyewe hajaidhinisha. "Hakuna jibu baya," Philippa alisema. Noreen, ambaye kwa miezi mitano hakuwa ameulizwa swali lisilohusu choo cha mumewe, alizungumza saa moja na nusu.

Hadi dakika ya tano yote yalikuwa salama. Mwanamke wa kwenye filamu aliwasifu wauguzi, akalalamikia viti vya chumba cha kusubiri, akacheka. Ilipofika dakika ya sita akaacha kucheka.

"Clifford alimwambia muuguzi kwenye simu si vibaya, muuguzi akamwuliza kama ana homa, naye akajibu kidogo tu. Nyuma ya muuguzi nilisikia simu nyingine inalia. Muuguzi alitaka Clifford awe hajambo, Clifford alitaka asimsumbue muuguzi. Kila mmoja akampa mwenzake alichokitaka. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kipimajoto mkononi."

Jina la muuguzi walilifuta. Haikusaidia kitu. Waliokuwa wakipokea simu za wagonjwa wa saratani siku za Jumapili walikuwa watatu tu, na tarehe ilikuwa kwenye faili.

Fomu iliyoandamana na filamu ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza: ionyeshwe kama ilivyo. Cha pili: ikatwe kuanzia dakika kadhaa hadi dakika kadhaa. Irudishwe kabla ya Ijumaa. Noreen aliiweka ncha ya kalamu kwenye kisanduku cha pili, akaiacha hapo hadi wino ukatengeneza nukta.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumapili moja ya Februari, siku ya nne baada ya dripu ya nne ya dawa ya saratani, Clifford aliacha nyama ya kondoo kwenye sahani akasema anasikia baridi. Juu ya jokofu ilibandikwa kadi nyekundu ya hospitali: joto likifika thelathini na saba na nusu, piga simu hii mara moja. Noreen alimpima. Thelathini na nane nukta sita. Clifford alisisitiza kupiga mwenyewe. Hakutaka mwanamke amsemee kama mtoto. Noreen alisikia kila neno.

"Samahani kukusumbua Jumapili, dada. Ni Tattersall hapa. Si vibaya, si vibaya hata kidogo, ila mke wangu anasema nipige."

"Una homa, mzee wangu?"

"Kidogo tu. Ya kawaida."

"Basi pumzika, kunywa maji kwa wingi. Ukiona imezidi, utupigie tena, sawa?"

"Sawa. Asante sana. Pole kwa kazi."

Saa tatu baadaye alikuwa hajui jina la mkewe. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu. Alilala hospitalini siku tisa, mbili kati ya hizo katika chumba cha wagonjwa mahututi. Sauti ya kwenye simu ilikuwa ya Adele, muuguzi aliyezoea kumtundikia Clifford dripu, na Noreen aliijua tangu neno la kwanza. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo, kila wanapokwenda kwa dripu, humpelekea Adele kopo la biskuti za siagi alizozioka mwenyewe.

*

"Nani huyo anaongea?"

Clifford alikuwa mlangoni, soksi miguuni, mkono mmoja ukiushika ukuta. Hakuwa mtu wa kunyata. Siku hizi alikuwa mwepesi mno hata ngazi hazikumsaliti.

"Mimi," Noreen alisema.

"Wewe nakusikia miaka arobaini na mitatu. Nauliza huyo wa kwenye mashine."

Hakukuwa na njia ya kumzunguka. Alimwonyesha. Clifford alitazama dakika zote tisa bila kukaa, na zilipokwisha akaomba arudishiwe ile ya sita. Akaitazama tena.

"Unamsema Adele."

"Jina halipo."

"Noreen, usinifanye mjinga. Hata paka wa jirani anajua ni Adele." Akavuta kiti, akakaa taratibu. "Unajua nina mshipa mmoja tu uliobaki mkono wa kushoto. Yule muuguzi mwenye miwani alinichoma mara nne, nikatoka pale kama chujio. Adele hupata mara ya kwanza. Kila mara. Sasa wewe unataka akae kwenye kiti, mbele ya bosi wake, aangalie haya, halafu Jumatano ifuatayo anishike mkono?"

"Sidhani kama angeweza..."

"Sisemi ataniua. Nasema atakuwa na haraka. Nasema jina langu litakuwa la mwisho kwenye orodha badala ya la tatu. Nani atathibitisha? Hakuna." Alikuwa anaongea polepole, kama anayesoma maelekezo ya chombo. "Zimebaki dripu tano. Tano tu. Kata."

Noreen aliijua hofu hiyo kipande kwa kipande, maana ndiyo aliyokuwa akiioka kwenye biskuti. Lakini alikumbuka kitu kingine.

"Kule gereji, dereva akirudisha basi, ulimtaka afanye nini?"

Clifford alifanya kazi miaka thelathini na minne akitengeneza breki za mabasi ya mji. "Alijaza kadi ya hitilafu kabla ya kwenda nyumbani."

"Na aliyeandika 'hakuna hitilafu' bila kukagua?"

"Nilimrudisha kutoka kituoni, mvua inyeshe isinyeshe." Nusura atabasamu. "Ila basi halishiki sindano, bibie."

"Wewe uliandika 'hakuna hitilafu', Clifford. Ukiwa na thelathini na nane nukta sita."

Hilo lilimwingia. Uso wake mwembamba ulibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu Februari Noreen aliona aibu juu yake, si ugonjwa.

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo," alisema. "Mbona hukuninyang'anya simu?"

Noreen aliikunja fomu akaitia kwenye bahasha ya kurudishia. Swali hilo halikuwamo hata kwenye filamu.

*

Jumatano asubuhi alimfunga Clifford vifungo vya shati. Ilikuwa wiki ya tatu sasa anamfunga. Ncha za vidole vya Clifford zilikuwa zimekufa ganzi kwa sababu ya dawa. Jumatatu kikombe kilimponyoka, akasema kilikuwa na mafuta. Fomu ilikuwa kwenye mkoba, ndani ya bahasha yenye stempu, kisanduku bado hakijachaguliwa. Kopo la biskuti lilikuwa juu yake.

Adele alikuwa na miaka thelathini hivi, nywele zimefungwa juu, viatu vyeupe vilivyochanika kidole. Alipokea kopo kwa mikono miwili.

"Mama Noreen, utatunenepesha wodi nzima." Akaufunga mkanda kwenye mkono wa Clifford, akaupapasa kwa kidole kimoja, akaingiza sindano. Mara moja. Clifford akamtazama mkewe juu ya kichwa cha Adele: umeona?

"Wiki ijayo natakiwa kwenye ule mkutano wa filamu," Adele alisema huku akibandika plasta. "Mtakuja?"

"Labda," Noreen alisema.

"Mwenzangu mmoja hali wala halali. Anasema wanatafuta wa kumtoa kafara. Mimi namwambia, tumefanya nini cha kuogopa?" Alicheka, lakini alimtazama Noreen kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akachukua ubao wenye karatasi ya maswali. "Haya, mzee wangu. Tangu mara ya mwisho. Kutapika?"

"Hapana."

"Kuharisha? Vidonda mdomoni?"

"Hamna."

"Ganzi ya vidole?"

"Si vibaya," Clifford alisema.

Kalamu ya Adele ilishuka kuelekea karatasini. Noreen aliiona ikishuka. Aliujua mchezo wa Clifford: akikiri ganzi, watapunguza dawa, na dawa ikipunguzwa, kile kilichobaki tumboni kinaweza kupata nafasi. Huenda alikuwa sahihi. Noreen hakuwa daktari. Alijua tu kwamba amesimama tena mahali pale pale, kando ya mtu anayesema si vibaya, mkononi ana kitu anachokijua.

"Hawezi kufunga vifungo vya shati," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Noreen," Clifford alisema kwa sauti ya chini.

"Nimemfunga mimi leo. Na jana, na juzi. Wiki tatu."

Adele aliuweka ubao chini. Alimwomba Clifford afungue kifungo kimoja cha mkono wa shati, mkono ule usio na sindano, halafu akifunge. Wagonjwa wanne waliokuwa kwenye viti vya pembeni walitazama wakijifanya hawatazami. Mtu aliyewahi kupima unene wa breki kwa kugusa alihangaika na kifungo cheupe zaidi ya dakika moja. Hakikuingia.

Daktari aliitwa. Walisubiri saa mbili. Mwishowe dawa moja kati ya mbili ilipunguzwa kwa robo, na daktari akasema kama wangechelewa zaidi vidole huenda visingerudi tena. Alisema "huenda" mara tatu. Clifford hakuongea na mkewe ndani ya gari, wala kwenye taa, wala kwenye mzunguko wa barabara. Nje ya posta Noreen alisimamisha gari.

"Unakwenda wapi?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Nakuja sasa hivi."

Aliiweka karatasi juu ya sanduku jekundu la barua, akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza, akasaini, akaifunga bahasha, akaitumbukiza. Aliporudi Clifford alikuwa akitazama mbele.

"Umekata?"

"Sijakata."

"Basi dripu ijayo," Clifford alisema, "wewe ndiye utakayeketi kwenye kile kiti uchomwe."

*

Mkutano ulifanyika juu ya maktaba, si hospitalini, ili mtu yeyote asije na sare. Kila mmoja alipewa beji yenye jina la kwanza tu. Waandaaji walidhani hivyo hakuna atakayejua nani muuguzi nani mgonjwa. Ilichukua nusu dakika: wauguzi walisimama, wagonjwa walitafuta viti.

Clifford alikataa kuja. Adele alikaa viti viwili kutoka kwa Noreen, na kwa kuwa kiti cha katikati kilibaki kitupu, kilionekana kama kitu walichokubaliana. Taa zilizimwa. Filamu za watu saba zilikuwa zimeungwa moja, zikaonyeshwa ukutani. Ya Noreen ilikuwa ya tano, na alitumia zile nne za kwanza kusikiliza moyo wake mwenyewe.

Dakika ya sita ilipofika hakutazama ukutani. Alitazama mikono ya Adele. Ilikuwa imelala mapajani, na mwanamke wa kwenye filamu aliposema "simu nyingine inalia," mkono mmoja uliushika mwingine na kuubana.

Wakati wa chai Adele alimfuata karibu na birika. Hakulia. Noreen angependelea alie.

"Ulikuwa unajua ni mimi."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Na biskuti?" Adele alishusha sauti. "Kila wiki mbili unaniletea biskuti. Nilikuwa nawaambia watu, angalieni, kuna familia zinashukuru."

"Nilikuwa nakuogopa," Noreen alisema.

Adele aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa kipimo cha dawa. "Siku ile tulikuwa wawili, mwenzangu akaumwa akarudi nyumbani. Wagonjwa kumi na mmoja wodini na simu mbili. Alivyosema si vibaya, unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Nilisema moyoni, afadhali, mmoja amepungua." Aliitazama chai yake. "Jioni nilisikia ameletwa na gari la wagonjwa. Nikaenda kusoma nilichoandika. Nilikuwa nimeandika: mgonjwa yuko vizuri."

"Hukumwambia mtu?"

"Wewe ulimwambia?"

Hawakusameheana, kwa sababu hakuna aliyeomba. Waliitwa mezani, kila meza iandike jambo moja la kubadilisha. Noreen aliandika: msimwulize mgonjwa anajisikiaje, mwulizeni aliyeshika kipimajoto. Mkubwa wa idara alilisoma kwa sauti, akasema ni zuri sana, akasema litapelekwa kwenye kamati ya Septemba. Ilikuwa Aprili.

*

Dripu iliyofuata, Adele alikosa mshipa.

Alikosa mara ya kwanza, akaomba radhi. Akakosa mara ya pili, na doa jeusi likaanza kuvimba chini ya ngozi. Alilibana doa kwa pamba bila kumtazama Noreen. Clifford aligeuza kichwa akamtazama mkewe, na mtazamo huo ulikuwa mrefu. Yule mwenye miwani aliitwa, akapata mara ya tatu.

Ilikuwa kisasi, au fedheha, au ni mshipa wenyewe uliochoka? Noreen alijiuliza saa zote nne za dripu na hakupata hata chembe ya ushahidi. Hakuwa ameleta biskuti. Alipokwenda kuomba maji mezani kwa wauguzi, aliona juu ya simu kipande cha kadibodi kimebandikwa kwa plasta ya kidonda, mwandiko wa kalamu, herufi kubwa zilizokwenda upande:

JOTO NAMBARI NGAPI? NANI YUKO NAYE? MWAMBIE AMPE SIMU.

Chini yake mtu mwingine alikuwa ameandika kwa penseli: kwa idhini ya nani? Na chini ya hapo, kwa kalamu ile ile ya juu: yangu.

*

Jumamosi, siku kumi baadaye, kabla ya chakula cha mchana, Clifford aliweka gazeti chini akasema mtu afunge dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Noreen alimpima. Clifford alikuwa tayari ameivuta simu mapajani, na vidole vyake vya ganzi vikabonyeza nambari moja moja, akakosea, akaanza upya. Noreen alitaka kumsaidia, Clifford akamsukuma kwa kiwiko.

"Tattersall hapa. Samahani kuwasumbua wikendi." Meno yake yaligongana. "Si vibaya, dada, ni kabaridi tu..."

Sauti ya upande wa pili haikuwa ya Adele. Ilikuwa ya msichana, ngeni, inayosoma.

"Joto nambari ngapi, mzee?"

"Sijaangalia. Kidogo tu."

"Nani yuko nawe hapo?"

"Mke wangu, lakini yeye hupenda kukuza..."

"Mpe simu."

Clifford aliitazama simu kama kitu kilichomtukana. Kwa sekunde mbili tatu Noreen aliamini kwamba ataikata, na kwamba yeye atamwachia aikate. Kisha akainyoosha, si kwa hiari. Mkono wake ulikuwa umechoka.

"Anakutaka wewe," alisema.

"Nambari?" sauti iliuliza.

"Thelathini na nane nukta tisa."

Nyuma ya msichana simu nyingine ilianza kulia. Noreen aliisikia vizuri, mlio ule ule wa Februari, na akasubiri aambiwe maji, mapumziko, mpige tena. Ililia mara nne, tano. Haikupokelewa.

"Usikate," msichana alisema. "Naita gari la wagonjwa kwenye laini ya pili, wewe kaa nami. Mwangalie midomo. Ina rangi gani?"

"Mwambie si vibaya," Clifford alisema kutoka kitini.

"Nyamaza, Clifford."

Alipiga magoti mbele yake, simu sikioni, akamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga. Alimtazama usoni mume wake, polepole na kwa makini, kama alivyopaswa kumtazama Jumapili ile.

"Ya majivu," alisema. "Njooni haraka."